Bei ya Kujikaza

Mgeni akibisha hodi, mtoto katika nyumba nyingi za Waswahili ana wajibu wake. Aache alichoshika, ajitokeze, ainamishe kichwa kidogo na kusema, "Shikamoo, mjomba." Angoje "Marahaba, hujambo?" Ajibu "Sijambo." Kisha asimame pale pale apokee yanayofuata: uko darasa la ngapi sasa, mama yupo, shuleni hawajambo? Yote hayo hayamalizi dakika moja, na watoto wengi huyashika bila kufundishwa kwa kusudi.

Mtoto mwenye usonji huipokea dakika hiyo kwa namna nyingine. Sauti ngeni imeingia ghafla, manukato ya mgeni yamejaa sebuleni, mkono umenyooshwa kuelekea kichwani kwake, na maswali yanafuatana kabla hajapata nafasi ya kuyapanga. Tena ni maswali ya ajabu, maana muulizaji hatafuti jibu la kweli. Ukiulizwa habari za nyumbani, unasema nzuri hata kama ndani kuna mgonjwa. Mtoto huyu huenda akanyamaza. Huenda akakimbilia chumbani. Huenda akajibu ukweli mtupu, kwamba jana usiku baba na mama waligombana. Lolote atakalofanya kati ya hayo, hukumu haichelewi: hana adabu. Na hukumu hiyo haiishii kwake, inamfikia pia mama yake aliyesimama mlangoni pa jikoni.

Nimeanza na salamu kwa sababu kwetu hapo ndipo usonji unapoonekana. Orodha za dalili zilizotungwa Ulaya na Marekani huweka mbele suala la kutotazamana machoni. Kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa kwa malezi mema, na binti asiyemkodolea mtu macho huitwa mpole. Hivyo ishara ambayo daktari wa London angeishuku mapema, huku hupita miaka bila kumshtua mtu, ilhali kukosea utaratibu wa salamu, ambako huko hakuna uzito mkubwa, huku huharibu sifa ya familia nzima. Kila jamii huwapima watu kwa mambo yake, na mtu yule yule anaweza kufaulu kipimo cha huku na kuanguka kile cha kule.

Kila mwaka ifikapo Aprili 2, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga Desemba 2007 kwa ajili ya usonji, watu huvaa fulana za buluu na ujumbe ni ule ule: jikubali, jiamini, usiogope kuwa wewe. Ni ujumbe mwema, lakini umepelekwa kwa asiyehusika. Mwenye usonji hakupungukiwa ujasiri. Alichopungukiwa ni mahali ambapo kuwa yeye hakumgharimu kazi, marafiki, mchumba au heshima ya mama yake. Gharama hiyo haipangi yeye. Tunaipanga sisi tunaomtazama, na sisi ndio tunaoweza kuishusha.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyojijenga tangu mapema kabisa, nayo hugusa jinsi mtu anavyowasiliana, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshikamana na ratiba au na jambo moja alipendalo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kata yenye watoto 1,000 ina wanaokaribia 8, wawe wamepimwa au hawajapimwa. Ukiongeza wenye disleksia, ambao kusoma na kuandika huwawia vigumu ingawa akili zao hazina upungufu, na wenye ADHD, wanaopata taabu kutulia na kushika jambo moja, utaona kwamba hatuzungumzii watu wachache walio mbali. Tunazungumzia watu wa nyumbani.

Wazo la uanuwai wa bongo linasema kwamba tofauti hizi ni sehemu ya ubinadamu, na kwamba kutofanana na wengi si sawa na kuharibika. Wazo hilo lilikomaa katika miaka ya 1990, watu wenye usonji walipoanza kukutana kwenye intaneti, na kufikia 1998 lilikuwa limeshaandikiwa na Judy Singer wa Australia na Harvey Blume wa Marekani. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Jim Sinclair, mwenye usonji, alikuwa amewasihi wazazi waliokutana Toronto wasiwaomboleze watoto walio hai kana kwamba wamefiwa nao.

Ombi hilo lilikuwa na uzito kwa sababu ya miaka iliyotangulia. Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alieleza habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943. Miongo iliyofuata lawama ziliwashukia wazazi, hasa mama. Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza imani hiyo kwa nguvu, na kitabu chake cha 1967 kiliwashawishi wengi kwamba mtoto amejifungia kwa kukosa upendo nyumbani. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alikuwa ameshaipinga imani hiyo mwaka 1964. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza, wakakuta kwamba mapacha wa yai moja hushiriki usonji mara nyingi zaidi kuliko mapacha wa mayai mawili. Chanzo kikubwa kilikuwa kwenye urithi.

Pwani yetu nayo ina simulizi zake za lawama. Joseph Gona na wenzake walipozungumza na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walitajiwa mapepo, uchawi na laana, sambamba na matatizo ya uzazi, maradhi na urithi. Msomi wa Chicago na jirani wa Kilifi hawakuwahi kukutana, lakini wamefanya kosa lile lile. Walipomwona mtoto asiyefanana na wengine, wote wawili waliingia nyumbani kwake kumtafuta mwenye hatia.

Siku hizi tunajua pia kwamba hata kule kutoelewana tunakomtwisha mwenye usonji si kwake peke yake. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba watu wa aina mbili za ubongo wanaposhindwa kuelewana, pande zote mbili zimeshindwa. Mwenye usonji anapata shida kumsoma asiye nao, na asiye nao anapata shida ile ile kumsoma yeye. Tofauti ni kwamba mmoja peke yake ndiye anayepelekwa kwa daktari.

Catherine Crompton na wenzake waliipima hoja hiyo Edinburgh kwa njia rahisi, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Walipanga minyororo ya watu wanane wanane. Wa kwanza anasimuliwa hadithi, anamsimulia wa pili, wa pili anamsimulia wa tatu, mpaka wa mwisho. Kisha wanahesabu kilichobaki. Mnyororo wa watu wenye usonji ulihifadhi hadithi sawasawa na mnyororo wa wasio na usonji. Hadithi ilimomonyoka zaidi katika minyororo iliyochanganya makundi hayo mawili. Utafiti mkubwa zaidi wa watu 311, uliochapishwa mwaka 2025, haukuiona tena tofauti hiyo ya minyororo mchanganyiko, lakini ulisimama pale pale kwenye jambo la msingi: wenye usonji hupashana habari kwa ufanisi kama mtu mwingine yeyote.

Basi kama habari inafika, kinachoharibika ni nini? Jibu ninaloliona zito kuliko yote lilitoka kwa Noah Sasson na wenzake mwaka 2017. Waliwaonyesha watu vipande vifupi vya video za watu wazima wakijieleza, baadhi yao wakiwa na usonji. Watazamaji hawakuambiwa nani ni nani. Ndani ya sekunde chache waliwapa wenye usonji alama za chini, na walisema hawana hamu sana ya kuzungumza nao au kukaa nao jirani. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa waliosikia sauti tu na kwa walioona picha tu. Lakini kundi lililopewa maneno yale yale yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, bila sura wala sauti, halikuona kasoro. Alama zililingana.

Tuyapeleke matokeo hayo kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam au Nairobi. Watu watano wamekaa nyuma ya meza. Kijana ameingia, amesalimu kwa sauti iliyo bapa, amekaa kabla hajakaribishwa, anatazama ukutani anapofikiri. Majibu yake ni sahihi, pengine kuliko ya wote waliomtangulia. Akitoka, mwenyekiti anasema, "Huyu anajua, lakini hachangamki." Kijana amekosa kazi kwa kitu ambacho kisingeonekana kama majibu yake yangesomwa karatasini.

Watu huyajua hayo mapema kuliko tunavyodhani, ndiyo maana hujikaza. Mwaka 2017 Laura Hull na wenzake walichapisha maelezo ya watu wazima 92 wenye usonji juu ya namna wanavyojificha. Walisema hujilazimisha kutazamana na watu, huandaa mazungumzo kabla, na huiga mikono, kicheko na misemo ya wengine. Walisema pia kwamba baadaye huchoka mno, na kwamba kuigiza kukizidi mtu hupoteza uhakika kuwa yeye ni nani. Mwaka uliofuata Sarah Cassidy na wenzake waliona kwamba kujificha huko kunakwenda pamoja na mawazo ya kujiua. Wasichana ni mafundi wa kazi hii, na hilo ni miongoni mwa sababu za kutambuliwa kwao kuchelewa.

Binti mmoja mhasibu aliwahi kunieleza anavyojiandaa kwa kicheni pati. Kwenye simu yake ana majibu aliyoyaandika: "Hongera sana, shoga." "Mmependeza kweli." Akiulizwa yake lini: "Mtaletewa kadi tu, msijali." Anayarudia garini. Ukumbini hutazama katikati ya nyusi za mtu, kwa kuwa kutazama macho yenyewe humchoma. Mikono yake inapotaka kutikisika, huikunja mapajani na kutikisa vidole vya miguu ndani ya viatu, mahali ambapo hakuna anayeviona. Spika zinapovuma huhesabu nyimbo. Safari moja, kesho yake baada ya sherehe, amelala chumbani mapazia yamefungwa, shangazi yake alimpigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Jana umenifurahisha! Siku hizi umechangamka."

Binti alishukuru. Aliniambia kilichomuuma hakikuwa uchovu, maana uchovu alishauzoea. Kilichomuuma ni kwamba sasa atatarajiwa kuwa vile kila mara. Shangazi hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alisifu alichokiona, na alichokiona kilikuwa ni kujikaza. Sifa za namna hiyo humfundisha mtu kwamba anapendwa kwa kadiri anavyofaulu kutokuwapo.

Wako watakaosema kwamba ugumu uko ndani ya mtu, na mazingira hayabadilishi kitu. Disleksia inawajibu. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake waliwalinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Walipopiga picha bongo zao wakisoma, walikuta upungufu ule ule mahali pale pale. Hata hivyo Waitaliano walisoma vizuri zaidi, kwa sababu Kiitaliano huandikwa kwa utaratibu unaofuata sauti, na Kiingereza na Kifaransa havifanyi hivyo. Ubongo ni mmoja, mzigo ni tofauti.

Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano. Ukishazijua silabi, unaweza kusoma neno usilowahi kuliona. Hiyo haina maana kwamba tahajia yake ni mteremko, na Katie Alcock na Damaris Ngorosho walilionyesha hilo mwaka 2003 walipochunguza makosa ya watoto wanaojifunza kukiandika. Ila mtoto mwenye disleksia anayesoma kwa Kiswahili mara nyingi husoma sahihi kwa mwendo wa pole, naye hujikokota hadi darasa la saba bila mtu kushtuka. Nchini Tanzania akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazina ahadi. Ghafla mtoto aliyekuwa wa wastani anakuwa wa mwisho. Hakubadilika yeye, shule imebadilisha inachomdai. Na kwa kuwa hakuna aliyemweleza hivyo, huamini alichoambiwa ubaoni mbele ya wenzake, kwamba ni mvivu, na viboko humthibitishia.

Nina deni la kujibu mapingamizi mawili, na yote ni ya haki. La kwanza hutoka kwa wazazi wenye mtoto asiyesema kabisa, anayejigonga kichwa ukutani, asiyelala usiku, pengine mwenye kifafa juu yake. Kwao maneno mazuri kuhusu uanuwai yanaweza kuwa kama matusi. Wana haki ya kusikilizwa. Mwaka 2021 tume ya jarida la Lancet ilipendekeza wenye mahitaji makubwa, wanaohitaji uangalizi saa zote, watajwe kwa jina lao ili wasipotee nyuma ya wale wanaoweza kujieleza. Naungana na nia hiyo. Kukubali tofauti hakuondoi haja ya matibabu ya kifafa, ya mtaalamu wa mawasiliano, ya vitengo vya usonji kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, wala ya mama kupata usiku mmoja wa kulala. Mtoto huyo naye ana namna yake ya kuwa yeye. Akionyesha picha ya kikombe kusema ana kiu, amezungumza. Kumfungia ndani ili mgeni asimwone ni kumpandishia bei ya kuishi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Nisisitize pia kwamba thamani ya mtu haitokani na kipaji. Tumezoea hadithi za mwenye usonji anayekokotoa hesabu kichwani kuliko mashine. Hadithi hizo huwafariji wazazi kwa muda, kisha huwaacha wengi, ambao si mabingwa wa lolote, wakijiona wameshindwa hata kuwa na usonji ipasavyo. Mtu asiye na kipaji chochote cha ajabu anastahili kukaa kati yetu bila kulipia kiti.

Pingamizi la pili ni la wazee: adabu ndiyo iliyotulea, tukiwaruhusu hawa wasisalimu, kesho nani atasalimu? Nalichukulia kwa uzito, maana naipenda salamu ya Kiswahili na nisingependa kuiona ikifa. Lakini tukumbuke kwamba adabu yetu haijawahi kuwa na umbo moja. Aliye kwenye swala haamkiwi. Bubu husalimu kwa mkono. Mwanamke na mwanamume wasio maharimu huweka mkono kifuani badala ya kupeana, na hakuna anayehisi kudharauliwa. Machi 2020, hofu ya korona ilipoingia, Rais John Magufuli wa Tanzania na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walisalimiana kwa kugusanisha miguu Ikulu, Dar es Salaam, na picha ile ikaenea kila mahali. Nchi nzima ilijifunza salamu mpya kwa wiki chache. Heshima haikupungua kwa sababu mikono haikukutana. Tulioweza kubadilika kwa ajili ya kirusi, tunaweza kubadilika kwa ajili ya mtoto.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Kenya ilikuwa na ya mwaka 2003 kabla ya kupitisha mpya mwaka 2025. Zinahitaji kutekelezwa, lakini haziwezi kufika sebuleni, kwenye chumba cha usaili wala kwenye mstari wa asubuhi shuleni, ambako bei hii hulipwa kila siku.

Kwa hiyo naelekeza maombi yangu kwa wenye kupanga bei hiyo. Mzazi, mwambie mgeni mapema, "Mwanangu husalimu kwa kupunga mkono," na useme hivyo bila kuomba radhi, kwa kuwa sauti yako ndiyo itakayomwambia mgeni kama hapo pana aibu. Mwalimu, toa agizo moja kwa wakati, mpe mtoto nafasi ya kujibu kwa kuandika au kwa mdomo, chochote kinachomfaa, na usimwadhibu kwa kutokutazama. Mwajiri, tuma maswali ya usaili siku moja kabla, umpe kila mwombaji kazi ya kufanya badala ya nafasi ya kujinadi, na uweke alama za majibu kabla hujajadili uchangamfu wa mtu. Mambo hayo hayagharimu kitu, na yatawafaa pia wenye aibu, wenye kigugumizi na wote wanaotetemeka mbele ya meza ya watu watano.

Nawe mwenye usonji, au disleksia, au ADHD, sikuombi ujitangaze. Ukijikaza kazini kwa sababu kodi ya nyumba inangoja, hujausaliti ukweli wako, umefanya hesabu inayoeleweka. Tafuta walau mtu mmoja ambaye mbele yake hutahitaji majibu yaliyoandikwa kwenye simu. Mengine tuachie sisi. Atakayekwambia ujiamini, muulize kwanza yuko tayari kuacha kukudai nini.